Mpole kanisani, mkali nyumbani: je, nina utu wema?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, ni mhudumu wa mlangoni kanisani kwetu, na watu hunisifu kwa upole. Ila nyumbani namfokea sana binti wa kazi. Juzi alimwaga maziwa, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwanangu wa miaka saba akaniuliza, "Mama, kwani dada si mtu?" Nimezaliwa mkali, hata mama yangu alikuwa hivi hivi. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa na utu wema? Na nikimlegezea, si atanipanda kichwani? (Mshahara wake wa miezi miwili ninao, nimemtunzia asije akatoroka.)

JIBU: Amina, mama. Asante kwa kutojificha. Nami nikuambie langu: niliwahi kutoka kuhubiri somo hilihili la tunda la Roho, nikapanda daladala, nikamfokea konda kwa ajili ya chenji ya shilingi 200. Nilikuwa bado na Biblia mkononi.

Mwanao ameligusa jambo lenyewe. Katika Wagalatia 5:22, Paulo anapolitaja tunda la Roho, waliotafsiri Biblia yetu ya Union wangeweza kuandika "wema" wakaishia hapo. Wakaandika "utu wema". Mtoto kauliza kama dada ni mtu. Paulo naye anauliza kama wewe una utu. Maswali hayo mawili hayaachani, maana anayemvunjia mwenzake utu huanza kwa kuuweka wake pembeni.

Sasa hofu yako ya kupandwa kichwani. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni chrestotes. Ndugu yake wa karibu, chrestos, yumo kinywani mwa Bwana Yesu katika Mathayo 11:30: "nira yangu ni laini". Aliyewahi kuona ng'ombe wa kulimia anajua nira mbaya inavyofanya: inachubua shingo, kidonda kinaota, na kesho yake ng'ombe akiiona tu anarudi nyuma. Nira laini imechongwa ikaikaa shingo. Lakini bado ni nira, mama! Shamba litalimwa. Vyombo vitaoshwa, watoto watavalishwa sare, maziwa yakimwagika yatafutwa, na aliyeyamwaga ataambiwa awe mwangalifu. Utu wema haukunyang'anyi mamlaka ndani ya nyumba yako. Unachonga tu ile nira isimchubue mtu. Paulo aliwaambia mabwana wa Efeso waache kuwaogofya watumwa wao, kwa kuwa Bwana wa wote wawili yuko mbinguni, wala kwake hakuna upendeleo (Waefeso 6:9). Wakati huo bwana alikuwa na nguvu juu ya mtumwa wake kuliko uliyo nayo wewe juu ya binti huyo.

Kuhusu kuzaliwa mkali, sibishi. Wapo watu wenye damu ya moto na wapo waliopoa toka tumboni. Ila Wakolosai 3:12 inasema "jivikeni moyo wa rehema, utu wema". Kujivika. Nguo hakuna anayezaliwa nayo. Huchukuliwa asubuhi, na kesho huchukuliwa tena. Tena hebu tujiulize: ukali wako ni wa kuzaliwa, mbona ukiwa mlangoni pa kanisa haukutoki? Mgeni akikukanyaga pale unatabasamu. Kumbe unaweza. Unachagua wa kumwonea haya na wa kutomwonea, nami nilichagua vivyo hivyo kwa yule konda.

Hapo ndipo wema wa Mungu unapotofautiana na adabu zetu. Yesu anasema Aliye juu ni mwema kwa wasiomshukuru na waovu (Luka 6:35), yaani kwa watu wasio na cha kumrudishia. Soma 2 Samweli 9 jioni ya leo, sura yenyewe ni fupi. Daudi ametulia katika ufalme, anauliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya rafiki yake Yonathani, mwana wa Sauli. Analetwa Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili, mjukuu wa mfalme aliyemwinda Daudi. Anaanguka kifudifudi, anajiita mbwa mfu. Daudi anamrudishia mashamba ya babu yake, kisha anampa kitu ambacho mwandishi anakitaja mara nne katika sura hiyo moja: atakula mezani pa mfalme.

Mezani, mama. Binti wako anakula wapi? Sikuulizi ili nikuaibishe. Nimeingia nyumba nyingi za washirika, nikaona sahani yake ya plastiki iliyowekwa kando na kikombe chake kisichochanganywa na vingine, naye yuko jikoni akisubiri tumalize ndipo ale kilichobaki. Halafu tunaomba baraka ya chakula.

Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa zamani, akiwatetea Wakristo mnamo mwaka 197, aliandika kwamba wapagani walikosea hata kulitamka jina letu, wakasema "Chrestiani", kama lile neno chrestos, na kwamba hata neno hilo la kukosea lilibeba maana ya upole na wema. Binti huyo siku moja atarudi kwao. Ataulizwa hao walokole wanaishije.

Leo mwombe radhi kwa yale maneno ya maziwa, tena mwanao akiwepo, kwa sababu aliyasikia. Usimweleze kwamba ulikuwa umechoka, mwambie umekosea.

Na ule mshahara ulioutaja kwenye mabano kana kwamba ni jambo dogo: huko si kumtunzia, ni kumfunga. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka mtu wa ujira alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea. Wewe umepitisha miezi miwili. Mpe zote, mkononi mwake au kwenye simu yake, asipange mwingine matumizi yake. Ukishampa, niandikie tena tuendelee na hilo la hasira.