Kupasha Nyumba kwa Jua Nairobi: Pima Maji ya Julai Kabla ya Kununua Rejeta

Nairobi imeinuka takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai, wingu linapofunika mji tangu alfajiri hadi alasiri, nyumba ya mawe isiyo na kizuizi cha joto juu ya dari huwa baridi mno. Kwangu Lang'ata niliamua kuongeza mabamba ya jua ya kupasha maji na tanki la lita 300 ili maji hayo yapashe sebule, mbali na yale ya kuoga. Mabamba hayakunisumbua. Kilichonigharimu ni kuchagua vibaya kifaa cha kutoa joto chumbani.

Nilianza na rejeta, yaani kifaa cha chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto ili kipashe hewa, iliyoandikwa wati 1,500. Sebule yangu ya mita 20 za mraba hupoteza kama wati 1,000 usiku wa baridi, kwa hiyo niliona imetosha na kubaki. Sikumuuliza muuzaji nambari ile ilipimwa kwa maji ya joto gani, naye hakuniambia. Kwa viwango vya Ulaya, rejeta hupimwa maji yakiingia na nyuzi 75 na kutoka na 65, katika chumba cha nyuzi 20, yaani maji yakizidi hewa kwa wastani wa nyuzi 50. Maji ya tanki langu, saa kumi jioni Julai, yalikuwa nyuzi 42, na yakizunguka wastani wake ulikuwa 40. Tofauti inapopungua kutoka 50 hadi 20, rejeta haibaki na asilimia 40 ya nguvu yake kama mtu angedhani, bali asilimia 30 hivi, kwa kuwa hewa inayopanda kando ya chuma nayo hupungua kasi. Zile wati 1,500 zikawa kama 450. Niliweka kiganja juu ya chuma: juu kulikuwa vuguvugu, chini baridi tupu, na mama mkwe wangu bado amejifunika blanketi kochini.

Ingewezekana kununua rejeta tatu za namna hiyo, lakini ukuta wenyewe ulikuwa umejaa madirisha. Vipo pia vifaa vyenye feni, ambavyo hutoa joto la kutosha hata kwa maji ya nyuzi 40. Nilivikataa kwa sababu ya sauti, nami hupenda sebule tulivu.

Sakafu yenye mabomba ya maji ya joto ndani yake ndiyo iliyonifaa. Kwa kuwa eneo lake ni kubwa, haihitaji kuwa moto: uso wake ukiwa na nyuzi 24 au 25 katika chumba cha nyuzi 19, kila mita ya mraba hutoa wati 50 hadi 60, na maji ya nyuzi 35 hadi 40 yanatosha. Tulitandaza mabamba ya polistirini ya kuzuia joto lisishuke chini, juu yake mabomba ya plastiki yaliyoachana sentimita 15, kisha saruji na vigae. Saruji hiyo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, jambo linaloendana na Julai yetu, ambapo jua huchomoza mawinguni saa nane na kutoweka saa kumi na mbili, ilhali baridi yenyewe huanza saa mbili usiku. Tanki likishuka kutoka nyuzi 42 hadi 28 hutoa takriban kilowati-saa 5, kiasi cha jioni moja.

Chumba cha kulala chenye sakafu ya mbao nilikiacha na rejeta ile ile, kwani mbao na zulia zito huzuia joto, na chumba ni kidogo. Ukichanganya hivyo, nunua mabomba yenye tabaka la kuzuia oksijeni, la sivyo hewa hupenya plastiki na chuma cha rejeta huoza kwa kutu.

Usimruhusu fundi amwage saruji kabla ya kujaza mabomba maji na kuyaweka chini ya shinikizo usiku kucha. Kwetu geji ilishuka kufikia asubuhi. Kiungo kimoja karibu na mlango kilikuwa kinadondosha tone, tone. Dai pia valvu ya kuchanganya maji ya moto na yaliyorudi, kwa sababu Februari tanki hilo hilo hupita nyuzi 60, na uso wa sakafu unaokanyagwa haupaswi kuzidi 29.