Huntington alitajirikaje na reli yenye madeni?

Swali: Kaka habari za kazi. Nimesoma habari za Collis Huntington wa Marekani, alikuwa muuza hadiwea tu pale Sacramento afu akawa bosi wa reli. Mtaji alitoa wapi? Na kampuni ilivyojaa madeni vile, yeye faida alikula wapi?

Jibu: Salama mdogo wangu. Kazi yangu ni kukagua hesabu za miradi, na kwenye hii dili usiikodolee macho reli, uliza mkandarasi ni nani.

Jamaa alifika California 1849, wenzake wakakimbilia dhahabu yeye akawa anawauzia makoleo na sululu, baadae akaungana na Mark Hopkins dukani. 1861 wao na wafanyabiashara wenzao Leland Stanford na Charles Crocker wakaanzisha kampuni ya reli ya Central Pacific, kila mmoja akachukua hisa 150 za dola 100 ila kianzio akalipa asilimia 10, yaani dola 1,500 basi.

Pesa nene ilikuwa ya serikali. Sheria ya reli ya 1862 iliwapa mkopo wa hatifungani za serikali (karatasi za deni ambazo wao waliziuza wapate hela) za miaka 30, riba asilimia 6, dola 16,000 kwa maili ya tambarare na 48,000 kwa maili ya mlimani. Sasa cheki ujanja, mtaalamu wa miamba wa jimbo akaandika kwamba milima ya Sierra Nevada inaanzia Arcade Creek, maili 7 hivi toka Sacramento, sehemu ambayo ni uwanda mtupu, na Rais Lincoln akapitisha! Tambarare ikalipiwa bei ya mlima, mara 3 nzima. 1864 wakaruhusiwa kuuza na hatifungani zao wenyewe kwa kiasi hicho hicho, na hizo ndo zilipwe kwanza, serikali isubiri nyuma. Aliyekuwa anashinda New York na Washington kusukuma mambo haya ni Huntington.

Faida sasa. 1867 walewale wakafungua Contract and Finance Company wakaipa tenda ya kujenga reli yao, yaani unasaini mkataba huku na upande wa pili ni wewe, invoisi ikija nani ataikataa? Deni linabaki kwenye kampuni ya reli, malipo ya ujenzi, hela taslimu na hisa, yanaishia kwao. Tume ya serikali ilipotaka vitabu vya hiyo kampuni 1887 havikuonekana, na sisi wakaguzi tukiambiwa vitabu vimepotea huwa hatuulizi swali la pili. Deni ambalo serikali iliidai reli lilipangwa upya 1899 likaja kuisha 1909, Huntington alishafariki 1900.