Anzeni na Majina: Ushauri kwa Vyama vya Wazao wa Mashujaa wa Maji Maji

Kila ifikapo tarehe 27 Februari, Songea hupokea wageni wengi. Mashada huwekwa, ngoma ya lizombe huchezwa, viongozi hutoa hotuba, na wazee wa Kingoni hukalishwa viti vya mbele katika viwanja vya Makumbusho ya Maji Maji, lilipo kaburi la pamoja la watu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wao. Nimeshiriki kumbukizi hiyo nikiwa mmoja wa wazao, na kwa miaka kadhaa nimetunza kumbukumbu za chama cha ukoo wetu. Kwa uzoefu huo, nawashauri wenzangu wa Ungoni, Umatumbi, Mahenge na kwingineko vita vilikopita kwamba kazi yetu kubwa iko katika miezi mingine 11, na inaanza na majina.

Idadi inayotajwa Songea ni mashujaa 67. Wachache wanafahamika na kila mtu, kama Nkosi (mfalme) Mputa Gama wa Njelu, mmoja wa falme za Wangoni, na Nduna (kiongozi wa chini ya Nkosi) Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake. Waliobaki, kwa watu wengi, ni majina ya kusomwa ubaoni tu, ilhali vitukuu vyao wapo Peramiho, Mbinga na Dar es Salaam, na baadhi yao hawajui kabisa kwamba siku hiyo ni ya kwao pia.

Ugumu wa kuwapata unatokana kwa sehemu na namna walivyoandikwa. Padre Johannes Häfliger wa misheni ya Kigonsera aliwabatiza wengi wao muda mfupi kabla ya kunyongwa, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo na jina la ukoo, na kila karani akaliandika kadiri sikio lake lilivyolisikia. Sisi tulifungua daftari ambalo kila mtu ana ukurasa wake, na ndani yake tukaandika kila umbo la jina lake jinsi lilivyo, pamoja na mahali tulipolikuta. Msisahihishe tahajia ya zamani hata ikiwakera, maana ndiyo itakayomwezesha mwenzenu kulitambua jina hilohilo katika majalada ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa.

Kwa wazee, subira inahitajika zaidi. Mwaka 1968 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kuwahoji wazee walioiona vita kwa macho yao. Sisi tumebaki na waliosimuliwa, na ndiyo maana kila simulizi iandikwe pamoja na jina la aliyesimulia na la aliyemsimulia yeye. Tena msianze kwa kuuliza habari za ushujaa. Bibi mmoja wa ukoo wetu, nilipomwomba anieleze vita, alinirudishia maneno yaleyale ambayo sote tumeyasikia kwenye hotuba. Baadaye nikamuuliza, "Bibi, mwaka ule wa njaa nyumbani kwenu walikula nini?" Alinyamaza, kisha akasema bibi yake alificha mbegu za ulezi ndani ya kibuyu, akakifukia chini ya mafiga ili askari wasikione walipokuja kuchoma maghala. "Mjukuu wangu, watoto wawili walikufa na mbegu zipo pale chini. Angezitoa, mwaka uliofuata wangekufa wote." Hakuwahi kuambiwa majina ya watoto wale. Tumewafungulia ukurasa hivyohivyo, bila jina.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wa waliokufa katika vita hii hawakufa kwa risasi wala kwa kamba. Wajerumani waliteketeza mashamba na vyakula kwa makusudi, na baadhi ya makadirio ya wanahistoria yanafikisha vifo vyote 300,000, vingi vikiwa vya njaa. Chama kinachoheshimu manduna peke yao kinaacha nje sehemu kubwa ya wahenga wake, na hasa wanawake, ambao zaidi ya Mkomanile ni nadra kumsikia mwingine akitajwa.

Migogoro itakuja, nayo mara nyingi huhusu nani ni mzao halisi na nani akae mbele. Chama kisigawe vyeo vya ushujaa. Katika daftari letu tunaonyesha kama habari imethibitishwa kwa maandishi, imesimuliwa na koo zaidi ya moja, au inajulikana na ukoo mmoja tu, na hakuna habari inayofutwa kwa kuwa haimpendezi mtu. Familia iliyokuwa na babu katika jeshi la Wajerumani nayo ikaribishwe iseme. Vilevile msiishie mpakani, kwa kuwa Nkosi Chabruma wa Mshope, ufalme mwingine wa Wangoni, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na baadhi ya watu wake, na simulizi za upande ule ni zetu pia.

Kuhusu mabaki ya wahenga, jiandaeni mapema. Ukoo wa Mbano umekuwa ukieleza kwamba kichwa cha Nduna Songea kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na Rais Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mwaka huohuo, mafuvu kadhaa yaliyohifadhiwa Berlin yalithibitishwa kwa vipimo vya vinasaba kuwa na jamaa walio hai nchini Tanzania. Ukoo unaosubiri habari za namna hiyo uwe na mti wa ukoo ulioandikwa, ukubaliane nani atausemea, na kila anayeombwa sampuli aelezwe itatumikaje kabla hajaitoa. Mazungumzo hayo yafanyike sasa, wakati watu wametulia, kwa sababu barua ikishafika kila tawi la ukoo litataka kuwa la kwanza kujibu.

Makumbusho ya Songea yalianza kwa juhudi za wazee, yakafunguliwa mwaka 1980, na ni miaka mingi baadaye ndipo yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Nanyi msisubiri bajeti ya mtu. Daftari likijaa, nakala moja ibaki kwenye ukoo, nyingine ipelekwe makumbusho, ya tatu itunzwe parokiani au msikitini, na sauti za wazee zihamishwe kutoka kwenye simu ya katibu siku ileile ziliporekodiwa, kwa maana makatibu hubadilika na simu hupotea.