Barua kwa mwanangu: Baiskeli italala wapi?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema wewe, rafiki yako na kaka yake mnataka kuja kuendesha baiskeli kutoka hapa Dodoma hadi Babati mwezi wa Julai, fedha mliyonayo ni ya kubana, na kila mnayemuuliza anawatajia hoteli. Umeniuliza: "Mama, tutalala wapi kwa bei ndogo, mahali ambapo baiskeli hazitabaki nje?" Tena ukaniambia kwamba Ujerumani chama cha waendesha baiskeli, ADFC, tangu 1995 kinazipa nyumba za wageni alama iitwayo Bett+Bike. Mwenye nyumba akikubali mgeni wa usiku mmoja, akawa na mahali pa kufungia baiskeli, pa kukaushia nguo, chai ya kushibisha na vifaa vya matengenezo madogo, anabandikiwa kibao mlangoni, na msafiri anapita akijua.

Kibao hicho huku hakipo. Lakini nilipoyasoma masharti yake niliyaona ni yale yale wageni waliyokuwa wakiniomba miaka yote 17 niliyohudumu gesti kule Kondoa. Kwa hiyo nitakujibu kama mhudumu, kwa sababu wageni wengi hawajui gesti inavyoonekana kutoka upande wetu.

Sharti la usiku mmoja lisikusumbue. Gesti za barabara hii zinaishi kwa wageni wa usiku mmoja: madereva wa malori, wafanyabiashara wa nafaka, watumishi waliokuja wilayani kufuatilia barua. Nguo nazo, utazifua na kuzianika uani. Kwa upepo wa Julai huku, fulana iliyoanikwa saa kumi jioni inakauka kabla hujamaliza kula. Chai ndani ya gesti usiitegemee. Mama lishe wa stendi anakuwa na chapati na maharage kabla mhudumu hajaamka.

Kilichobaki ni baiskeli, na hapo ndipo nataka unisikilize.

Katika nyumba niliyofanyia kazi, mwenye mali aliweka amri kwamba baiskeli isiingie chumbani. Sababu yake ilikuwa sakafu na mashuka. Alikuwa amechoka kuona alama za matairi kwenye saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na grisi ya cheni kwenye taulo nyeupe. Siku moja akaja kijana, mwalimu, amependeza, baiskeli yake ina keria mbele na nyuma. Aliniuliza kama ataruhusiwa kuiingiza. Nikamjibu aifunge kwenye mwembe uani, geti linafungwa na mlinzi yupo. Nilimwambia "ni salama" kwa kinywa changu. Asubuhi cheni ya kufuli ilikuwa imekatwa na mwembe umesimama peke yake. Mlinzi alikuwa amelala. Yule kijana hakupiga kelele. Alipanda basi la kurudi kwao akiwa ameshika pampu mkononi, maana pampu alikuwa amelala nayo chumbani. Ile pampu naiona mpaka leo.

Tangu siku hiyo niliivunja ile amri kimyakimya. Mgeni wa baiskeli akija, nilitandika gunia sakafuni kati ya kitanda na ukuta, nikampa tambara afute matairi, akaiingiza. Mwenye nyumba alikuja kugundua baada ya miezi mingi, akakagua sakafu, akaikuta safi, akaondoka bila kusema neno.

Kwa hiyo, mwanangu, beba gunia lako. Kila mmoja na gunia lake na tambara lake, yakunjwe juu ya keria. Ukifika mapokezi usianze na bei. Salimia kwanza, pumzika kidogo, kisha uliza: "Dada, baiskeli zetu zitalala wapi?" Akisema uani, mwambie una gunia la kutandika na tambara la kufutia, na kwamba huwezi kugusa taulo lake kwa mikono ya grisi. Mhudumu anaogopa kukatwa mshahara kwa shuka lililoharibika. Ukimwondolea hofu hiyo, vyumba vingi vitafunguka ambavyo dakika moja kabla vilikuwa haviruhusu baiskeli. Akikataa kabisa, mshukuru uende nyumba ya pili. Miji hii ina gesti zaidi ya moja, tena mara nyingi zinatazamana.

Kabla ya kulipa, omba kukiona chumba. Tazama komeo la ndani kwa mkono wako, usitazame kwa macho tu, maana nyinyi wawili ni wasichana na komeo bovu mimi silikubali. Tazama kama mlango na korido vinapitisha usukani bila kukwaruza ukuta. Kiwe chumba cha chini, cha nyuma, mbali na baa. Gesti yenye baa mbele ina muziki hadi usiku wa manane, na watu wa kupita humo ni wengi mno kwa mtu mwenye mali ya kubebeka. Vyumba vya choo cha nje ndivyo vya bei ndogo, huku vijijini mara nyingi ni kati ya shilingi 10,000 na 20,000. Msione aibu kuvichukua. Mara nyingi ni vipana kuliko vile vyenye choo ndani, kwa sababu bafu halijamega nafasi, na nafasi ndiyo mnayoitafuta. Kaka yake rafiki yako achukue chumba chake. Nyinyi wawili mkitaka kulala pamoja semeni mapema, kwa sababu nyumba nyingine huongeza bei kwa mtu wa pili na nyingine hazitaki kabisa. Kwenye kitabu cha wageni andikeni majina kamili, na kitambulisho kiwe karibu. Nyumba isiyo na kitabu, gesti bubu, msilale, hata iwe rahisi namna gani. Likitokea la kutokea, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mlikuwepo.

Mwambieni mlinzi tangu jioni kwamba mtaondoka saa kumi na moja alfajiri. Msipomwambia mtasimama getini na baiskeli zenu mkimtafuta mwenye ufunguo huku ubaridi wa asubuhi, saa zenu nzuri za kuendesha, unawaishia.

Sasa njia yenyewe. Hadi Babati ni kilomita 251, lami tupu. Mimi naikumbuka ilipokuwa vumbi, na siku ya mvua basi lilikuwa linalala Haneti na abiria wake. Upepo wa Julai unatoka kusini mashariki, kwa hiyo mkielekea kaskazini utawasukuma mgongoni na ubavu wa kulia. Wanaotoka Babati kuja huku ndio wanaoupata usoni. Siku ya kwanza msijidai kufika Kondoa, ni zaidi ya kilomita 150. Miguu ikikataa, laleni Haneti, ambayo ni karibu nusu ya njia ya kufika Kondoa. Mkiwa na nguvu fikeni Chemba. Chemba ilipofanywa wilaya mwaka 2012 watumishi walihamia na gesti zikafuata, basi hapo mna pa kuchagua. Popote mtakapolala, fikeni saa kumi jioni, wala isizidi saa kumi na moja. Kuanzia saa moja usiku malori yanaegesha na vyumba vizuri vinakwisha.

Kondoa laleni usiku mbili. Itakuwa dhambi kupita bila kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kutoka kijijini Kolo hadi kwenye majabali njia ni mbaya, mawe na mchanga, na baiskeli yenye mizigo haifai. Pandeni gari la abiria hadi Kolo, pale ofisi ya mambo ya kale watawapa mtu wa kuwaongoza. Baiskeli zibaki chumbani, zimefungwa pamoja kwenye mguu wa kitanda, na mwambieni mhudumu chumba hicho kisifagiliwe siku hiyo. Julai Kondoa kuna baridi usiku, ombeni blanketi la pili mapema kabla hajalitoa kwa mwingine.

Baada ya Kondoa kuna milima hadi Bereko na kuvuka. Msipime siku hiyo kwa kilomita. Giza likiwakuta kijijini pasipo na gesti, msisimike hema porini wala kando ya barabara. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya mtendaji, jitambulisheni, ombeni pa kulala. Mtaonyeshwa darasa la shule, au nyumba ya mtu, au parokia kama ipo karibu. Warangi hawamwachi mgeni aliyebisha hodi kwa adabu. Asubuhi acheni kitu kidogo, sukari au sabuni, hata wakisema hapana.

Fundi baiskeli utamkuta chini ya mti karibu kila kijiji kikubwa, na pancha ataziba vizuri. Tatizo ni tyubu. Mafundi wa huku wana za zile baiskeli kubwa nyeusi, inchi 28. Za saizi yenu njooni nazo, mbili kwa kila mtu, kwa sababu mbigili za kandokando ya barabara hii hazina huruma. Mkitoka kwenye lami kuchimba dawa, beba baiskeli, usiiburuze kwenye majani.

Hapa Dodoma mtalala nyumbani, hilo halina mjadala. Bunge la bajeti litakuwa limekwisha Juni, lakini hata vyumba vya mjini viwe bure, mtalala nyumbani. Sebule inatosha baiskeli tatu, kiti kirefu nitakisogeza. Magunia matatu nimekwisha kuyapata kwa muuza mahindi wa Majengo. Nimeyafua, yako kwenye kamba.

Niambie tarehe.

Mama yako