Niuze shamba ninunue kamera?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, napiga video za harusi hapa Tanga. Moyo wangu uko kwenye filamu za dokumentari, ila kamera yangu imezeeka. Marehemu baba aliniachia kipande cha shamba. Je, nikiuze ninunue kamera kubwa? Mama analia, anasema kazi hii haina mbele.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Shamba usiuze. Mwambie mama nimesema hivyo, alale usingizi.

Kama kamera hiyo inakupa video za harusi, inatosha kuanzia. Mimi nakuhofia upande wa sauti, na nina sababu. Miaka ya nyuma nilikwenda Nungwi kumrekodi mzee mmoja, fundi wa majahazi, akikalafati, yaani akiziba mianya ya mbao za jahazi. Picha nilizipata: kidole gumba kinasukuma uzi wa pamba katikati ya mbao mbili, kisha nyundo ya mti inafuata, ko, ko, ko, bila haraka. Huku akifanya kazi alikuwa ananieleza jinsi babu yake alivyomfundisha. Nilitegemea maiki ya kwenye kamera, na siku hiyo kaskazi ilikuwa inavuma kweli kweli. Nyumbani nikavaa hedifoni: upepo mtupu. Nilipojipanga kurudi, mzee alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo naiona midomo yake inasema, sijui inasema nini.

Basi fedha ya kwanza ya harusi utakayoweka akiba, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye manyoya ya kukinga upepo. Hedifoni zisitoke masikioni muda wote unaporekodi.

Umewahi kusikia habari za Mohamed Amin, mpiga picha wa habari? Alizaliwa Nairobi 1943, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam akiwa kijana mdogo kuliko wewe, mwaka 1963. Picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ziliamsha dunia nzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, kisha akarudi kazini na mkono wa bandia. Lakini katika mlipuko ule alikufa John Mathai, mtu wake wa sauti. Kila ninapomtaja Amin namtaja na Mathai, maana watu wa sauti husahauliwa mno.

Harusi usiziache, zinakulisha, na zimekuzoesha kuwahi tukio lisilorudiwa. Ubaya wake ni kwamba zinauzoesha mkono kuhamahama. Weka kamera kwenye stendi, bonyeza, hesabu mpaka thelathini ndipo uiguse.

Jumapili hii anza na mama yako. Zima feni, funga dirisha la barabarani, mbane maiki kwenye kanga, umuulize marehemu baba alilipataje lile shamba.