Puli na bia

Swali: Anko, tuko washkaji watatu, kila ijumaa tunacheza puli baa ya mtaani ila mchezo wa kawaida ushatuchosha, tunataka tutunge wa kunywea, tuanzie wapi?

Jibu: Watatu mmepatia kabisa mdogo wangu, mipira iko 15 ukitoa mweupe, gaweni 1 mpaka 5, 6 mpaka 10, 11 mpaka 15. Mpira wako ukizamishwa na mwenzio unapiga funda moja, ukizamisha mweupe mawili. Shida asiyejua ndo atalewa mapema azidi kukosa, kwa hiyo mi ningegeuza, anayezamisha ndo anywe, hapo utamuona fundi wenu anaanza kugonga kingo tu. Glasi zikae mbali, bia ikimwagikia kile kitambaa mwenye baa hatawaelewa. Mwenye pikipiki anywe soda.