Kabla Hujahamia Salmon

Juzi msomaji mmoja wa Houston ameniandikia: "Dada, picha zako zinanitesa. Na mimi nihamie huko?" Najua wengi mna hamu hiyohiyo, basi nawajibu wote.

Salmon, jimbo la Idaho huku Marekani, ni mji wa watu kama 3,000, umekaa bondeni kando ya mto wenye jina hilohilo. Ukivuka milima ya magharibi unafika pori la Frank Church, lililohifadhiwa kisheria tangu 1980: zaidi ya ekari milioni 2.3. Mbwa mwitu walioletwa kutoka Kanada Januari 1995, baadhi yao waliachiwa pande hizi. Asubuhi navuta pazia nakuta swala wamelala uani, mvuke unawatoka puani.

Nilipohama, ndugu zangu walicheka. "Umekwenda kujizika." Neno lile linaniuma mpaka leo. Wala hakuna aliyenipigia simu Novemba ile gari liliponiserereka kwenye njia ya mlimani ya Lost Trail, juu kwenye futi 7,000, nikitoka mji wa Missoula, jimbo jirani la Montana, kununua unga wa sembe. Tairi zilikuwa za kiangazi, si za theluji. Gari likaingia mtaroni, mfuko ukapasuka, unga ukatapakaa mpaka kwenye dashibodi. Mzee mmoja mfugaji akasimamisha pikapu, akanivuta kwa mnyororo, kisha akanifuata polepole maili 45 hadi mlangoni kwangu. Hela alikataa. Kesho yake nikakuta kuni zimepasuliwa, zimepangwa barazani.

Kwa hiyo: badilisha tairi mapema. Tafuta nyumba kabla hujaacha kazi. Mimi kazi ya uuguzi niliipata haraka, lakini nililala moteli wiki sita kwa kukosa nyumba ya kupanga. Na salimia watu. Dereva mkipishana huku anainua vidole viwili kwenye usukani, nawe inua. Salimieni watu, jamani! Sisi tuliolelewa kwa shikamoo, tumefika miji mikubwa tunapanda lifti na jirani mwaka mzima hatumjui jina, halafu tunalia upweke. Nani alitufundisha hivyo? Mlima hautakuondolea upweke kama hutaki kubisha hodi kwa jirani.

Dada wa Houston, usije Julai watu wanapokuja kupanda maboti. Njoo Februari, ukae wiki mbili. Chumba kipo, na sembe ninayo.